Mgumu naye kichwa humuuma

Kila mwaka tukishapura maharage, vijana wa hapa Makere huja kwangu kuuliza habari za Moshi. Wanajua nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka 11 kabla sijarudi nyumbani kulima. Wanauliza nauli ya basi kutoka Kasulu. Wanauliza siku moja inalipa shilingi ngapi, na kama kuna Waha wenzao wa kuwapokea. Hajaja hata mmoja akaniuliza habari za kichwa.

Mwaka huu aliyekuja ni mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 23 mwenye mabega ya kubeba gunia la mahindi toka shambani hadi barabarani bila kupumzika. Alikuwa ameshafunga begi. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia basi linaondoka kesho, leo tuna muda. Niliyomwambia siku ile nayaandika hapa, kwa kuwa najua wako wengi kama yeye. Wako pia walimu na watumishi wa mkoa wetu wanaochangishana ili Desemba wapande mlima kuadhimisha Uhuru, kama Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha mwenge na bendera usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ni jambo jema, na ninataka wote warudi.

Muha kwenda mashariki kutafuta kazi si habari ya leo. Babu yangu alichukuliwa na SILABU, ofisi iliyoundwa mwaka 1944 kuwatafutia wenye mashamba ya mkonge watu wa kazi. Alipanda treni Kigoma akaenda kuwa manamba Tanga, akawekwa korona, yaani kwenye kinu cha kusaga mkonge. Alirudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Hakuna aliyemweleza vumbi la mkonge lingemfanya nini. Sipendi mpwa wangu naye aende kwenye kazi ya watu bila kuelezwa.

Sisi watu wa Buha tunajiona watu wa milima. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi wa Makere, Kasulu na Kibondo tuko juu ya hapo. Mtu wa Ujiji akilala Kasulu mwezi wa 7 huomba blanketi la pili. Kwa hiyo kijana huondoka hapa akiamini kwamba baridi anaijua na mwinuko anaujua. Kweli, anajua baridi na anajua kupandisha kilima na mzigo kichwani. Hewa nyepesi haijui. Mwili wa binadamu huanza kusumbuka kuanzia mita 2,500 hivi, na mkoa wetu mzima hauna mahali palipofika huko. Hata kilele cha Nkungwe kule Mahale, kirefu kuliko vyote kwetu, kimeishia mita 2,462. Kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu, Mandara, kiko mita 2,720. Yaani mtu wa Kigoma, usiku wake wa kwanza tu Kilimanjaro, ameshalala juu kuliko mlima mrefu wa kwao.

Mimi hewa hiyo nilifundishwa na maharage. Safari yangu ya kwanza nilitia kilo mbili za maharage ya njano ya nyumbani kwenye begi langu, nikiwaza kuwapikia wenzangu. Mpishi wetu, mtu wa Kibosho, aliyaona akanyamaza mpaka tukafika kambi ya Shira, zaidi ya mita 3,800. Akanipa sufuria na jiko. Maji yalichemka upesi kuliko nilivyozoea, mapovu yakawa yanapandisha kifuniko, nikafurahi. Baada ya saa moja na nusu, muda ambao nyumbani tungekuwa tunayaunga, nilitoa punje moja nikaibonyeza kwa ukucha. Ngumu kama kokoto. Mpishi akaniambia, "Mdogo wangu, huku maji yanachemka kabla hayajawa moto." Nilidhani ni fumbo. Ni ukweli mtupu. Kule juu hewa imepungua uzito, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100. Unaweza kuyachochea mpaka kesho, hayapandi zaidi ya hapo.

Kinachoyanyima maharage kuiva ndicho kinachomnyima mtu pumzi. Watu husema kileleni hakuna oksijeni. Ipo, tena kwa sehemu ileile ya 21 kwa 100 kama hapa Makere. Ila hewa yenyewe imetawanyika. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mkandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila unapovuta pumzi unaingiza karibu nusu tu ya ulichozoea. Mwili unaweza kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinatoa mkojo mwingi kusawazisha damu, na siku zikizidi damu yenyewe inaongeza chembe zake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na haina njia ya mkato. Na mwili husahau. Mpagazi aliyekaa Moshi wiki kadhaa bila safari anaanza upya, hata kama amefika kileleni mara hamsini.

Wagumu ndilo jina tunaloitana sisi wapagazi. Nalipenda jina hilo na nililibeba kwa fahari. Lakini limetuumiza pia, na sasa nitaeleza lilivyomuumiza kijana mmoja.

Ilikuwa mwezi wa 8, mwaka 2009. Tulikuwa wawili kutoka Makere kwenye kundi moja, mimi na kijana niliyesoma naye shule ya msingi. Njia ilikuwa Machame, safari ya siku 6. Siku ya tatu mnapita Lava Tower, juu ya mita 4,600, halafu mnateremka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Asubuhi ya siku ya nne mwenzangu alisema kichwa kinamgonga. Uji aliuacha. Akatapika nyuma ya mwamba. Nikamuuliza ana nini, akasema malaria imempanda.

Msomaji wa Kigoma ataelewa kwa nini sikuuliza la pili. Huku kwetu kichwa kikiuma, mtu akatapika, chakula kikamshinda, mama wa nyumba ameshajua jibu kabla ya mganga. Nilikuwa na dawa mseto kwenye begi, maana hakuna mtu wa kwetu anayesafiri bila hiyo. Akameza vidonge vinne, akajitwisha mzigo, akapanda Barafu, karibu mita 4,700.

Alifika nyuma ya wageni, na mgumu hafiki nyuma ya wageni. Aliketi juu ya jiwe mzigo ukiwa bado kichwani, mpaka nikamtua mimi. Akaingia kwenye hema la kulia akalala. Kwenye saa 3 usiku niliamka nikamkuta amekaa anafunga kiatu, anataka kutoka kukojoa. Nikamwangalia kwa tochi. Alikuwa anashika kamba ya kiatu, anaizungusha kwenye kidole chake, anaiachia, anaishika tena. Alirudia hivyo mara tatu, nne, tano. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Kiatu chenyewe kilikuwa cha mguu wa kulia na alikuwa amekivaa kushoto.

Nilitoka mbio kumwita kiongozi wetu. Mzee yule hakumuuliza habari ya malaria. Alitandaza kamba ya hema chini, akamwambia atembee juu yake, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma. Akakanyaga hatua moja, ya pili, ya tatu akaenda pembeni akamwangukia mzee kifuani. Angekuwa nyumbani tungesema amekunywa pombe ya ndizi. Hakuwa ameonja hata tone. Mzee akasema, "Huyu anashuka sasa hivi." Mtu mmoja akasema tungoje kupambazuke. Mzee hakujibu, alikuwa ameshaanza kumvalisha koti.

Tulimshusha watu watatu gizani, tukimshika makwapani. Kutoka Barafu hadi kambi ya Millennium, kwenye mita 3,800, ni mteremko wa mawe na vumbi. Tulipokaribia kambi aligeuka akaniuliza kwa Kiha nani amebeba mzigo wake. Nililia pale pale njiani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza yenye maana tangu jioni. Tukaendelea naye hadi Mweka, mita 3,100, na asubuhi alikunywa uji vikombe viwili. Alipopimwa damu kule chini, malaria haikuwepo.

Kilichompata ni ubongo kuvimba. Ugonjwa wa mlima huanza kidogo: kichwa, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, kizunguzungu, usingizi wa kukatikakatika. Mara nyingi hujitokeza saa chache baada ya kufika mahali papya palipo juu, jioni au usiku wa kwanza. Wengi huishia hapo, na wakitulia siku moja bila kupanda hupona. Wachache wasiotulia huingia kwenye moja ya njia mbili za kifo. Ya kwanza ni hiyo ya ubongo: mtu anapepesuka, anachanganyikiwa, analala haamki. Ya pili ni mapafu kujaa maji: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, mwisho anatoa povu lenye wekundu. Zote mbili huua kwa muda mfupi, na dawa ya kwanza ya zote mbili ni kushuka. Oksijeni ya mtungi na sindano husaidia kununua muda wa kushuka. Mita 500 hadi 1,000 tu kwenda chini zinaweza kumrudishia mtu akili zake, kama nilivyoona kwa macho yangu.

Lakini jambo lililonifanya niandike lilikuja baadaye, tumekaa Moshi tunaota jua. Mwenzangu aliniambia kwamba tangu Lava Tower alijua si malaria. Homa hakuwa nayo, na alikwishaona mgeni akiumwa vilevile safari iliyotangulia. Nikamuuliza kwa nini basi alisema malaria. Akanijibu kwamba mwenye malaria humeza dawa akaendelea na kazi, mwenye ugonjwa wa mlima hushushwa. Na anayeshushwa hulipwa siku alizofanya tu. Ndivyo ilivyokuwa: alilipwa siku 4 kati ya 6, bahasha ya bakshishi ya wageni akaikosa. Mimi na wenzangu wawili tuliomshusha tukakatwa siku moja moja.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi nikiwa na jembe mkononi. Kijana alikuwa na maarifa yote yaliyohitajika. Alijua anaumwa nini na alijua dawa yake. Kilichomkaba ni hesabu ya ada ya mdogo wake aliyekuwa sekondari.

Kwa hiyo mtu akiniambia kinga ya ugonjwa huu kwa wapagazi ni elimu, namkubalia nusu. Elimu itolewe, hata kwa Kiha, Kichaga na Kimeru ikibidi. Lakini kwanza anayeshushwa kwa ugonjwa alipwe siku zake zote za safari, na wanaomshusha walipwe zote, na iandikwe kwenye mkataba kabla mzigo haujainuliwa. Wenye kampuni wataniambia wapagazi watajifanya wagonjwa ili walale. Nawajibu kwa heshima kwamba nimeishi nao miaka 11. Mtu aliyebeba kilo 20 siku nne hadi Barafu hatamwachia mwenzake bahasha ya wageni usiku wa mwisho kwa ajili ya uvivu.

La pili halina gharama yoyote. Katika safari nyingi nilizokwenda, wageni waliulizwa hali zao asubuhi na jioni. Walibanwa kidole na kile kifaa cha kusoma oksijeni ya damu, namba zikaandikwa daftarini. Sisi hatukuulizwa. Getini mzigo wetu uliwekwa kwenye mizani, kwa kuwa kanuni ya hifadhi inataka usizidi kilo 20, na hilo ni jema sana. Limetokana na kelele za watu wengi, wakiwemo wale wa mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003. Ninachoomba ni hatua moja zaidi: mzigo ukishapimwa, na anayeubeba aulizwe. Kifaa cha kidole kipo tayari kambini, kinachukua nusu dakika kwa mtu.

Madaktari waliwahi kupitia uchunguzi wa maiti uliofanyika hospitali ya KCMC kati ya mwaka 1996 na 2003 kwa waliofia Kilimanjaro. Walikuta vifo 25, na 14 kati ya hivyo vilitokana na ugonjwa wa mwinuko. Kazi nzuri, na imesaidia kuokoa watu. Ila vifo hivyo 25 ni vya watalii. Wagumu hawamo kwenye hesabu ile, ingawa kwa kila mgeni mmoja mlimani wapo wapagazi kadhaa.

Sasa niseme na wanaopanda kwa hiari yao, hasa ninyi wa Desemba.

Kinga kubwa ni siku. Usinunue koti la bei mbaya ukabana siku. Njia ya Marangu kwa siku 5 inakulaza Mandara mita 2,720, kesho Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720. Ni mita elfu nzima kila usiku, na usiku huo wa tatu unaamshwa kwenda kileleni. Wataalamu wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hakuna njia Kilimanjaro inayoifuata kanuni hiyo barabara, ndiyo maana kila siku unayoongeza ina thamani. Omba usiku wa pili Horombo, mchana mpande hadi Zebra Rocks kisha mrudi kulala palepale. Au panda Machame kwa siku 7. Lile zoezi la kupanda Lava Tower halafu kuteremka Barranco wageni hulilalamikia, wanaona wamechoshwa bure. Si bure: mwili umeonja juu, umelala chini. Mtanzania hulipa ada ndogo sana ya hifadhi ukilinganisha na mgeni kutoka nje, basi siku ya ziada isitushinde sisi wenye mlima.

Msijidanganye na afya ya mwili. Martina Navratilova, aliyechukua ubingwa wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja mara 9, alijaribu Kilimanjaro Desemba 2010 akashushwa kabla ya kilele, mapafu yamejaa maji. Alipona kwa sababu walimshusha. Gugu Zulu, dereva wa mbio za magari wa Afrika Kusini, kijana mwenye mazoezi, alifariki kwenye safari ya kupanda mlima huohuo Julai 2016. Habari za siku zile zilisema alianza na dalili kama za mafua kisha akashindwa kupumua. Mtu mwenye nguvu yuko hatarini kwa njia yake, kwa kuwa miguu yake inamfikisha juu mapema kuliko mwili unavyozoea. Neno "pole pole" ambalo watalii huandikiwa kwenye fulana ni maelekezo ya tiba. Ukiweza kuongea na mwenzako huku unapanda, mwendo wako ni sahihi. Ukikatika sentensi, punguza.

Dawa ipo, inaitwa Diamox, jina la kitabibu asetazolamidi. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Haifichi ugonjwa. Inaifanya damu iwe na uchachu kidogo, mwili ukapumua zaidi, ukazoea mapema. Utakojoa sana na vidole vitafanya ganzi ya kuchomachoma, usiogope. Iko karibu na jamii ya salfa, kwa hiyo kama Septrin au SP iliwahi kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Na dawa hii isikupe kiburi cha kufupisha safari. Maji kunywa ya kutosha, kwa kuwa kiu nayo huleta kichwa, lakini hakuna aliyekingwa na mlima kwa lita za maji. Pombe na vidonge vya usingizi acheni chini, vinapunguza kupumua usiku. Na wagumu wenzangu, msilale na jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa. Ule moshi usioonekana huleta kichwa kilekile na kifo kilekile.

Malaria nayo si uongo. Mtu akitoka Kigoma leo, anaweza kupanda mlima na vimelea damuni. Pima kwenye zahanati kabla ya kuondoka na pima tena Moshi ukijisikia vibaya. Ila ukishakuwa juu ya mita 2,500, shika neno moja: kichwa ni cha mlima mpaka kipimo kiseme vingine. Usipande ukalale juu zaidi ukiwa nacho. Kikizidi huku umepumzika, shuka, utapimwa malaria chini ukiwa hai.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia likisemwa getini, nalo linatuhusu sana. Nchi yetu ni kati ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande milima mirefu bila daktari anayemjua kumruhusu. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa maisha yake yote, huko juu bandama yake inaweza kukosa damu. Ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, usiseme ni kichomi cha kubeba mzigo. Shuka, na ukifika hospitali taja bandama.

Haya yote si ya Kilimanjaro peke yake. Mlima Kenya gari linaweza kukufikisha mita 3,000 asubuhi moja, na haraka hiyo ndiyo imewaumiza watu kule. Jirani zetu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waliotoka Kivu wanaujua Nyiragongo, mita 3,470, ambako watalii walikuwa wakipanda mara moja na kulala ukingoni.

Mpwa wangu alisikiliza yote. Aliniuliza swali moja tu, "Mjomba, nikisema kichwa kinauma si watanirudisha?" Nikamwambia, "Watakurudisha." Sikuwa na jibu lingine.

Aliondoka. Wiki ya tatu nilipata ujumbe wake kutoka Horombo, ambako tangu mwaka 2022 TTCL wameweka intaneti. "Shikamoo mjomba. Kichwa kinauma tangu jana, nimetapika mara moja." Nikaandika haraka, "Marahaba. Umemwambia nani?" Dakika zile nilizungukazunguka uani, simu mkononi, dada yangu akiniangalia bila kujua kuna nini. Jibu likaja: "Nimemwambia kiongozi. Amesema nibaki hapa, wenzangu wanaenda Kibo. Mzigo wangu wamegawana."

Alibaki siku mbili. Kichwa kikaisha usiku wa kwanza, akashuka na wenzake waliporudi. Mwisho wa mwezi alinitumia picha ya karatasi yake ya malipo. Siku mbili za Horombo hazikuandikwa.